Ndege wa Desemba

Kila Jumamosi saa moja asubuhi, chai haijachemka bado, Mwalimu Eliaichi wa Mwika alikohoa mara mbili mbele ya simu yake na kuanza kulihutubia taifa. Taifa lenyewe lilikuwa kundi la WhatsApp la watu mia moja na themanini: wanafunzi wake wa zamani, wanakwaya wenzake, vijana wanaopandisha watalii mlimani, na wengine ambao hata yeye hakujua waliingilia mlango gani. Kundi liliitwa Habari za Mabawa. Lilikuwa la ndege, lakini mtu aliyefundisha darasa la sita kwa miaka thelathini na mbili hawezi kushika jambo moja akaishia hapo hapo.

Akianza na kunguru, anafika kwenye uchaguzi. "Kunguru anajua jalala lipi limejaa," aliwaambia wakati wa kampeni. "Likishaisha, humwoni tena mpaka miaka mitano ipite." Akianza na njiwa, anawashukia wasanii. "Kila wimbo njiwa wangu, njiwa wangu. Nyie vijana, mmeshawahi kumtazama njiwa akigombea punje ya mahindi? Anamchapa mwenzake bawa la uso. Mpenzi wako mwite jina lake aliloandikiwa kwenye ubatizo." Umeme ulipokatika wiki nzima, alisema mbayuwayu ndiye mteja pekee asiyelalamika, kwa sababu yeye shida yake ni waya tu. Watu walicheka, wakasambaza, na Jumamosi ikifika wakasubiri tena. Na yeye, tuseme ukweli, alipenda kusubiriwa.

Mwaka huo habari kubwa ilikuwa hondohondo. Pembeni ya kihamba cha kwao, shamba la ukoo linalozunguka nyumba, karibu na lango, kuna mringaringa mkubwa ambao babu yao aliuacha utie kahawa kivuli. Juu ya usawa wa paa, mti huo una shimo. Katikati ya Septemba hondohondo jike aliingia humo, yeye na mumewe wakauziba mlango kwa udongo, ukabaki ufa mwembamba wa kupitisha ncha ya mdomo. Mama akafungwa ndani na mayai yake. Tangu siku hiyo chakula chake chote kilitoka kwa mume, ambaye alikuja na koo limejaa makuyu na kumtolea moja moja kupitia ule ufa.

Eliaichi alimwita dume yule Mzee wa Kanisa, kwa vile alivyotua taratibu na lile pembe lake kubwa juu ya mdomo, kama mtu aliyekuja ibadani na kofia akasahau kuivua. Kila siku aliketi na darubini na daftari kuukuu la mahudhurio, akiandika kila safari ya mzee huyo. Siku ya mvua safari kumi na mbili. Siku ya jua kumi na tisa. Desemba ilipoingia, sauti ya makinda ilianza kusikika ndani ya mti. "Nyie mnaofuatilia tamthilia za Kituruki," alilitangazia taifa, "njooni Mwika muone mwanamume anayejua kutunza."

Sasa tufike kwenye kosa, maana kosa lilikuwepo, na lilikuwa lake.

Jumamosi moja kabla ya Krismasi, wakati magari ya Dar yameshaanza kupanda mlimani kama yanavyopanda kila Desemba, Eliaichi aliamka na utani mdomoni. "Kuna ndege mmoja hayumo kitabuni," alisema. "Anahama kutoka pwani kuja mlimani tarehe ishirini. Manyoya yanang'aa, vioo vyeusi. Kabla hajatua vizuri anauliza, mtori wa ndizi uko wapi, mbuzi wa ndafu ameshachinjwa? Anapiga kelele mpaka Mwaka Mpya, halafu anafunga mkungu wa ndizi juu ya gari na kuruka zake. Mwulize kaburi la baba yake limeota nini. Hajui."

Taifa lilicheka mpaka simu ikapata moto. Eliaichi akanywa chai yake akijisikia vizuri sana. Ulimi hauna mfupa, na siku hiyo hakuna aliyemkumbusha.

Jumamosi hiyo hiyo jioni mdogo wake Ndelilio alifika kutoka Dar na mkewe Goodness na watoto. Ndelilio ndiye kitinda mimba, na kwa desturi yetu Wachagga nyumba ya baba na kihamba chake huenda kwa mtoto wa mwisho wa kiume. Eliaichi, mjane, alirudi pale kumuuguza baba, na baba alipofariki akabaki kutunza shamba. Hakuna aliyewahi kumwambia aondoke. Lakini mti ulikuwa wa Ndelilio.

"Shikamoo dada," alisema Ndelilio, akashusha mizigo. Mtori ulikuwa umeshaiva jikoni, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi huko Dar, Ndelilio hakuuliza uko wapi.

Baadaye, bila kumtazama, akasema, "Jumatatu fundi Filemon anakuja na chenso kuukata mringaringa. Wageni wa kipaimara cha mtoto watakosa pa kuweka magari."

Eliaichi alidhani hakusikia vizuri. "Ndelilio, ndani ya ule mti kuna mama na watoto. Amejifungia. Hawezi kutoka."

"Ni ndege, dada."

"Subiri mwezi mmoja tu. Januari watakuwa wametoka wenyewe."

"Kipaimara ni Jumapili ijayo. Kibali ninacho."

Kweli alikuwa nacho. Alikiweka mezani, kimegongwa muhuri. Eliaichi alikisoma mara mbili kama anayesahihisha mtihani akitafuta kosa, akalikosa. Jumapili baada ya ibada alimweleza mchungaji, na mchungaji, mtu mpole sana, akasema atamwombea. Eliaichi alishukuru. Moyoni alisema chenso haisikii maombi. Alirudi nyumbani, akabeba kiti chake mpaka chini ya mringaringa, akaketi na kukunja mikono. Aliapa kwamba Filemon atakata mti na kiti na mwalimu aliyekikalia.

Alikaa pale mpaka jua likaanza kuuacha mlima. Kilele cha Kibo kilikuwa wazi, na ule weupe mdogo wa theluji uliobaki juu yake. Mzee wa Kanisa alikuja akaenda, akaja tena. Hasira ya Eliaichi ilikuwa nzuri, imenyooka, haina doa. Ndipo Goodness alipokuja na kigoda akaketi kando yake.

"Wifi," alisema Goodness taratibu, "mimi nimo kwenye kundi lako. Niliingia mwezi wa kumi na moja."

Eliaichi alikunjua mikono.

"Jana tulikuwa Korogwe, tumesimama kula. Nikaona umetuma, nikaiwasha kwa sauti ndani ya gari, kwa sababu watoto wanakupenda. Ndelilio ndiye aliyecheka kuliko wote. Alicheka vioo vyeusi, akacheka mkungu wa ndizi. Halafu ukafika kwenye kaburi." Goodness alitengeneza khanga yake. "Toka Korogwe mpaka hapa hakusema neno."

Hapo hasira ikamtoka Eliaichi yote, na kilichobaki hakikuwa kizuri. Baba alipofariki, miaka miwili nyuma, Ndelilio alikuwa ametumwa kikazi Mtwara. Mvua zilikata barabara. Alisafiri siku tatu na kufika siku moja baada ya mazishi, viatu vimejaa tope, akalikuta kaburi limeshafukiwa hapo hapo kihambani. Ukoo mzima ulikubaliana, bila hata kuambizana, kwamba jambo hilo halitatajwa. Halikutajwa mpaka dada yake mwenyewe alipolitangaza mbele ya watu mia moja na themanini ili wacheke. Hakuwa amemfikiria yeye, Mungu ni shahidi. Alikuwa anafikiria kicheko tu. Lakini je, hiyo ni nafuu?

"Kibali alikichukua zamani akakisahau. Mti hakuukumbuka mpaka jana," alisema Goodness. "Magari yangeweza kukaa uwanja wa kanisa."

Eliaichi alijua la kufanya, na hakulipenda. Mchagga akimkosea mwenzake kosa zito, anachuma isale, lile jani refu tunalopanda mipakani, anampelekea kwa mikono miwili. Aliyeletewa isale hana ruhusa ya kukataa. Hata kama umemwaga damu ya ndugu yake, atasamehe. Lakini mkubwa kumpelekea mdogo, tena dada mkubwa aliyembeba kitinda mimba mgongoni, hilo halionekani kila siku. Na shetani hakuchelewa kumnong'oneza: mpelekee leo, mwombe msamaha na mti kwa pamoja, atakataaje?

Ni kweli, asingeweza kukataa. Ndiyo sababu Eliaichi alilitupilia mbali wazo hilo. Baba yao alikuwa akisema isale si fimbo ya kuangulia parachichi. Ukilipeleka huku jicho lako liko kwenye kitu kingine, umemfunga mtu kamba ukamwita ndugu. Hapana. Ataomba msamaha kwa sababu amekosa. Mti utakuwa neno lingine, na kama utaanguka, basi atajua la kufanya ukianguka. Alisimama, akakirudisha kiti ndani.

Jumatatu aliamka alfajiri, akateremka mtoni kwenye mkuyu na kujaza ndoo nzima ya makuyu mabivu. Akachukua tenga kubwa, akalitandika majani makavu ya migomba, akaviweka vyote nyuma ya nyumba. Halafu akaenda mpakani, akakata isale, kichwa kizima na kikonyo chake.

Filemon alikuwa ameshafika na chenso yake begani. "Shikamoo mwalimu," alisema, macho chini, maana naye alipita darasa la sita mikononi mwake.

"Marahaba. Ngoja kidogo."

Ndelilio alikuwa barazani na kikombe cha kahawa. Alipoona kilichomo mikononi mwa dada yake, alisimama bila kujua kwamba amesimama. Eliaichi aliinama, akanyoosha mikono miwili.

"Ndelilio, mdogo wangu. Nimekuumiza mahali ambapo hata adui asingegusa. Nilitaka watu wacheke, na wewe ukawa ndiyo gharama. Ulisafiri siku tatu kwenye tope kuja kumzika baba, na mimi ndiye niliyekufungulia mlango, kwa hiyo najua. Jumamosi nitawaambia wote kwamba nilikosa. Lakini kwanza nakuambia wewe. Nisamehe."

Ndelilio alilipokea isale. Eliaichi hakuinua kichwa.

"Nimekusamehe, dada," alisema. Halafu, kwa sauti ya chini, "Na mti?"

"Sikuja kwa ajili ya mti."

"Hutaniomba?"

"Isale hili ni la neno langu. Mti nilishakuomba, ukajibu." Alinyooka, akajifuta machozi kwa ncha ya khanga, akapita nyuma ya nyumba. Alirudi na tenga kichwani na ndoo mkononi, akaenda kusimama hatua kumi kutoka kwenye mringaringa. Filemon alikuwa ameivuta kamba ya mashine mara moja, ikakohoa ikanyamaza.

Ndelilio alimfuata, isale bado mkononi. Alichungulia ndani ya ndoo, akachungulia tenga. "Hivi ni vya nini?"

"Mti ukianguka, mama anaweza kufa, lakini watoto pengine watapona. Nitawaokota. Wanakula mara kumi na tisa kwa siku. Nimeandika."

"Utawalisha mwenyewe? Mara kumi na tisa?"

"Kwani nina kazi gani nyingine?"

Alimtazama dada yake, mwanamke wa miaka sitini na mbili, magoti mabovu, viatu vimejaa tope la mtoni mpaka kwenye vifundo. Aliyatazama yale matope kwa muda mrefu. Juu yao mabawa yakavuma kwa kishindo kama cha mtu anayekung'uta mkeka. Mzee wa Kanisa alitua, akawapuuza wote, akaanza kutoa makuyu kooni na kuyapitisha kwenye ufa, na ndani ya mti makinda yakapiga kelele za njaa.

"Filemon," alisema Ndelilio, "rudi nyumbani. Magari yatakaa kanisani."

"Na kibali, kaka?"

"Kakiwashie moto wa chai."

Eliaichi alitua tenga chini. Ndelilio akamletea kile kiti chake cha jana, na yeye akaketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, makuyu yamemwagwa majanini, akauliza kama kuna mtori uliobaki.

Kipaimara kilipita vizuri. Siku moja kabla yake, Jumamosi, Eliaichi alikuwa amekohoa mara mbili, akawaambia watu mia moja na themanini kwamba alimtukana ndugu yake na kwamba amemwomba radhi kwa isale. Safari hii hakuna aliyecheka. Wengi walituma amina.

Tarehe kumi na saba Januari, saa nne asubuhi, mama alianza kuuvunja ukuta wake kwa mdomo. Ilimchukua karibu siku nzima. Alipotoka alikuwa mchafu, mkia umepinda, akakaa kwenye tawi akijinyoosha, na nyuma yake vichwa viwili vikachungulia shimoni. Eliaichi alirekodi mvumo wa kwanza wa mabawa yake, na hakuutuma kwa taifa. Aliutuma kwa Ndelilio peke yake.

Jibu lilikuja jioni, sauti ya Ndelilio na honi za magari ya Dar nyuma yake. "Nimewasikia, dada. Nimewasikilizisha hata kazini." Kisha akaongeza, "Sasa na mimi nikuulize. Kaburi la baba limeota nini?"

Eliaichi alitaka kujibu, akagundua hajui. Wiki tatu nzima macho yake yalikuwa juu mtini. Alichukua fimbo yake, akapita katikati ya migomba mpaka kaburini. Upande wa kichwa udongo ulikuwa umechimbwa ukashindiliwa vizuri kwa kisigino cha mwanamume, na pale lilisimama isale alilompelekea kwa mikono miwili. Lilikuwa limeshika mizizi, na katikati yake jani jipya lilikuwa limetoka.