Ua la Kwanza la Ekinasia

Fundi cherehani alipanda mbegu za ekinasia alizoletewa na wifi yake, na mwaka mzima zikamtolea majani matupu. Mumewe akamtania, "Mama watoto, unafuga magugu." Yeye akazidisha maji na mbolea, majani yakazidi kunyong'onyea, mpaka wifi akamfokea kwenye simu: "Acha kuyadekeza! Maua haya yanataka jua tele na maji kidogo."

Akatii, roho mkononi.

Asubuhi moja ya mwaka wa pili alitoka uani, futi ya kupimia ikining'inia shingoni, mara akapiga ukelele. Mumewe akachomoka bafuni, povu la sabuni usoni.

"Nyoka? Yuko wapi?"

"Nyoka gani! Ua, baba, ua!"

Lilikuwa limechanua: petali za zambarau zimeinama, na katikati kitovu cha rangi ya machungwa. Mume akakigusa, akarudisha kidole upesi. "Kinachoma kama kidevu changu!" Kisha akapiga magoti, akahesabu matumba. "Mke wangu, yapo mengine tisa!"

Mteja alipobisha hodi kuulizia gauni lake, walimvuta wote wawili hadi bustanini kabla hajamaliza salamu.