Chai Waliyoikataa Yefim na Sima

Mimi Jedidah hasira zangu ziko karibu, na msiseme ni uchungu. Nilikuwa hivi hata kabla gari la mwanangu Griffins halijateleza kwenye barafu akienda kazini, akafa.

Siku za matanga kanisa lote lilijaa dukani kwangu hapa Anoka, huku ughaibuni. Wakaimba, wakaomba, wakaniambia nisilie, halafu wakarudi kwa shifti zao. Kila nikimtaja Griffins wananikatiza na maombi. Na mimi nilitaka mtu mmoja tu wa kumsimulia habari za mwanangu, basi.

Ndipo wakashuka Yefim na mkewe Sima, wazee Wayahudi waliokimbia vita Ukraine, wapangaji wa juu ya duka. Tulikuwa marafiki kabisa. Sima alinipikia supu ya bitiruti, mimi nikamfundisha chapati, tukielewana kwa mikono na kicheko. Siku ile walikaa kwenye magunia ya unga, kimya. Hata pole hawakusema. Nikawapikia chai ya maziwa. Sima akatikisa kichwa, Yefim akakisukuma kikombe. Ati wanakataa chai ya mfiwa!

"Kwani nimetia sumu? Mmekuja kunitazama kama sinema? Tokeni!"

Wakatoka. Baadaye huko juu kukawa kimya, nikasema afadhali.

Juzi Yefim akaja peke yake, shati limechanwa kifuani. Akaongea na simu yake, nayo ikatafsiri.

"Sima alifia hospitali. Moyo. Shati nimelichana, ndiyo desturi yetu ya msiba. Tulimzika mji wa Saint Louis Park, matanga tukakaa huko kwa jamaa. Leo nahama, nakwenda mbali."

"Uwi! Mzee, mbona hamkuniambia?"

"Sima alisema tusikuumize tena. Kwetu, mgeni hasemi mpaka mfiwa aanze. Na mfiwa hapikii wageni. Tulikuwa tunakungoja uzungumze."

Jamani! Nikajikalisha kwenye magunia yale yale ya unga. Mtu niliyekuwa namtafuta alikaa hapa hapa dukani, nikamfukuza kama mwizi.

"Aliniagiza nikuulize," simu ikasema. "Mwanao alikuwa mtu wa namna gani?"

Nikaanza: Griffins alikuwa... Griffins wangu alikuwa... Nikaangua kilio. Mzee wa watu alingoja, akangoja. Gari la kumchukua lilipopiga honi nje, nilikuwa bado sijamwambia lolote.