Kidole cha Shemeji

"Hivi shemeji yako ana ufunguo wa nyumba yako wa kazi gani?"

Jirani aliniuliza hivyo siku moja tukianika nguo. Nikamjibu kwa ukali kwamba yule ni mdogo wake marehemu mume wangu, aingie atakapo. Ukali ule nilimtolea mtu asiyestahili.

Binti yangu hutengeneza programu za kompyuta, hapo hapo kwenye meza yetu ya kulia. Zahanati moja ilimpa kazi ya programu ya kuwakumbusha wagonjwa siku za kurudi kliniki. Ilitakiwa Jumatatu saa sita mchana. Isipofika, kazi anapewa mwingine. Ilibaki kurekebisha mistari miwili tu.

Jumapili, sisi tukiwa kwenye ibada, shemeji akaingia kuangalia mpira kwenye kompyuta ya binti. Kila mara kikachomoza kisanduku cha kuomba mfumo wa kompyuta ubadilishwe, uwekwe mpya. Kikamkera. Akabonyeza kukubali.

Jumatatu asubuhi binti akarekebisha mistari yake, akaiamuru kompyuta iunganishe maandishi yote yawe programu moja. Ikagoma. Kioo kikajaa mistari myekundu.

"Mama, vifaa vyangu vya kuunganishia havipo! Nani kagusa hii?"

Shemeji alikuwa kwenye kochi, amekunja nne, chai yetu mkononi. "Mimi. Nimewawekea mfumo mpya. Wengine wangesema asante."

"Baba mdogo, si ungenipigia hata simu?"

"Kwa kitu cha kubonyeza tu?"

Binti alipakua vifaa upya mpaka saa tano kasoro. Akajaribu. Ikagoma. Akajaribu tena. Ikagoma.

"Labda umekosea wewe, mwanangu," shemeji akasema huku akipuliza chai. "Mashine haikosei."

Nikasogeza kiti nyuma ya binti yangu, nikatazama. Shule niliishia darasa la saba, lakini namba nazijua.

"Huu mfumo mpya ni wa ngapi?"

"Kumi na tano, mama."

"Mbona mstari mwekundu kila ukija unataja kumi na nne?"

Akaduwaa, kisha akapiga meza. "Mabaki! Inaokota vipande ilivyounganisha wiki iliyopita, kwa mfumo wa zamani!"

Akayafuta mabaki yote, akaanza upya kabisa. Kuunganisha kila kipande kulichukua karibu saa nzima. Nilisali macho wazi, nikitazama saa ya ukutani. Ilikubali saa sita na dakika kumi na mbili. Akatuma.

Jibu halikuchelewa: "Samahani, tumeshampa mwingine."

Binti akafunga kompyuta polepole. Hakulia. Bora angelia.

Shemeji akajinyoosha. "Msijali. Ni mipango ya Mungu. Atawapa nyingine."

"Mungu usimsingizie!" Sikujua kama nina sauti kubwa hivyo. "Tulikuwa mbele yake tunamwomba, wewe uko huku unabonyeza. Kidole ni chako. Ufunguo!"

"Shemeji, kwa ajili ya mashine tu?"

"Ufunguo."

"Hii ni nyumba ya kaka yangu."

"Kaka yako alikuwa akibisha hodi hata chumbani kwa mwanawe. Weka ufunguo hapo."

Akamtazama binti yangu, labda amtetee. Binti akatazama meza. Basi akauchomoa ufunguo kwenye pete yake, akauweka kando ya kikombe, akatoka.