Mkwaruzo wa Upande wa Pili

Sheria ya nyumba yangu ni moja: sahani ya santuri inaondoka, jalada lake linabaki. Ukitaka kuazima, naandika jina lako kwa penseli ndani ya jalada, nawe unaondoka na sahani yako imefungwa kwa gazeti. Siku ukiirudisha, tunaisikiliza pande zote mbili, kisha unafuta jina lako mwenyewe, kwa mkono wako. Hakuna anayefutiwa. Sheria hiyo aliiweka marehemu baba yangu, Yahaya fundi magari, baada ya kuibiwa sahani na marafiki zake wote, mmoja baada ya mwingine.

Aliniachia sahani mia mbili na kitu. Nyingi alipewa na Wagiriki aliowatengenezea magari, waliofunga virago wakaona ni nzito kubeba. Nimezichuja. Zile za vinanda vya kubembeleza nimewagawia watu wa harusi. Nimebaki na za Kuba, Puerto Rico na New York, zile ambazo ngozi ndiyo inayosema: konga, bongo, timbales, na vile vijiti viwili vinavyogongana kuwaonyesha wengine njia. Wapo wanaokusanya tarumbeta, Mungu awasamehe. Iliyo bora kuliko zote ina jalada jekundu lenye wapiga konga watatu, na mikono yao haionekani vizuri kwa kasi. Haina gitaa, haina piano. Ni mikono na sauti za watu mwanzo hadi mwisho, na kama huna hiyo usiniambie kwamba unakusanya.

Mwezi wa Mei 1995 jalada hilo lilikuwa tupu. Ndani niliandika: Népomuscène, Kinama.

Népo alikuwa mwalimu wa hesabu. Kila Jumamosi baada ya alasiri alikuja kwangu, mtaa wa Buyenzi, kusikiliza pamoja na wengine, akakaa kiti kilekile, tukagombana. Mimi nilisema ni yeye aliyeikwaruza sahani hiyo upande wa pili, kwenye wimbo wa mwisho, pale sindano inaporuka mara tatu. Yeye alisema mkwaruzo aliukuta. Miaka minne tuligombania mkwaruzo mmoja. Na bado aliendelea kuiazima, eti anipe ushahidi kwamba mikononi mwake haiharibiki.

Juni wanajeshi waliingia mtaa wa Kinama kuwasaka watu wa kabila la Népo, na watu wakakimbia. Népo hakuonekana tena. Nilimuuliza jirani yangu Birindwa, mpiga konga, aliyekuwa na shemeji kule. Niliuliza sokoni. Nilikwenda hata kanisani kwao, mimi Mwislamu na mtandio wangu kichwani, nikauliza. Hakuna aliyejua. Watu wakaanza kuniambia nifute jina lake, nami niliwajibu vibaya na sijutii.

Julai ikaja ville morte nyingine. Vijana wa makundi yaliyowasaka watu hao hao waliamuru mji ufe kwa siku nzima: duka lisifunguliwe, gari lisipite, mtu asisikike. Saa tano asubuhi mlango wangu uligongwa. Alikuwa Jimmy wa Cibitoke, kijana niliyemfundisha cha-cha-cha kwenye sakafu hii hii. Siku hizi alikuwa mmoja wa hao waliosimamisha watu kwenye vizuizi vya barabarani. Kwapani alikuwa na kitu kimefungwa kwa taulo.

"Tantine, nakuletea biashara." Vijana wote wa mtaa huniita hivyo, shangazi.

Akafungua taulo. Niliitambua sahani kabla haijatoka yote.

"Umeitoa wapi?"

"Nimeiokota."

"Sahani haiokotwi, Jimmy. Si mapera."

Akakaa bila kukaribishwa. "Kuko monsieur moja kule Kinindo, bwana wa pesa, anakusanya hizi za Kuba. Anaitaka, lakini na jalada yake. We unipe jalada, tutagawanya."

"Na jina ya Népo?"

"Mwalimu harudi, tantine. Futa tu."

Hasira ilinipanda mpaka masikio yakaniuma. Lakini nilimnyooshea tu mkono anipe sahani.

"Sheria unaijua," nikamwambia. "Haiingii mu jalada kabla ya kusikilizwa, pande zote mbili."

"Leo? Leo ni ville morte."

"Mi sijakufa."

Niliisogeza mashine dirishani, nikafungua mbao zote za dirisha, nikapandisha sauti hadi mwisho. Konga tatu zikatoka nje, kwenye barabara isiyokuwa hata na kuku. Muda si mrefu Birindwa alifungua mlango wake, akapindua beseni la mkewe na kuanza kujibu. Wanawake wakatoka na viti vyao kama vile ni Jumamosi. Nilikuwa naogopa, sikatai. Lakini hasira ilikuwa kubwa kuliko woga, na nilitaka Jimmy aone haya mbele ya watu wote waliowahi kumpigia makofi.

Wenzake wawili wa kizuizini wakaja mbio na fimbo zao.

"Nani anapiga muziki?"

"Ni mimi," nikasema. "Na huyu ni mugeni wangu."

Walipomwona Jimmy kitini walisita, wakabaki mlangoni wakimtazama. Nikageuza sahani, nikaweka upande wa pili, kisha nikamwekea Jimmy jalada mapajani na penseli mkononi.

"Andika chini ya jina ya Népo. Nani ameileta, na ameitoa wapi."

Akawatazama wale wawili, akaniinamia sikioni. Kwa kelele zile, mimi peke yangu niliweza kumsikia.

"Nilimupitisha. Pale kwa muto, asubuhi, na bibi yake na batoto. Bale wakijua, bataniua."

"Na sahani?"

"Nilimuomba kitu. Alikuwa na hii tu." "Nikaichukua."

"Unanidanganya."

"Alisema nikuambie mukwaruzo aliukuta."

Sindano ikafika kwenye wimbo wa mwisho. Ikaruka mara moja, ya pili, ya tatu, ikaendelea.

Maneno yale Jimmy asingeweza kuyatunga. Mtu anaikimbia nyumba yake, watoto mkononi, na bado anapata pumzi ya kunibishia. Nilifurahi, na papo hapo nikamchukia Jimmy upya, kwa kuuza njia kwa mtu aliyekuwa akikimbia, na kwa kukaa wiki kadhaa na ujumbe wangu mfukoni. Lakini penseli nilimnyang'anya. Kwa maandishi yale wenzake wangemmaliza, na mlango aliokuwa amemfungulia Népo nilikuwa sijausahau.

"Toka," nikamwambia.

"Na sahani, tantine?"

"Iko kwao."

"Na monsieur wa Kinindo?"

"Mwambie akuje Jumamosi, Siku ya Posho, akae chini, asikilize kama batu bengine."

Akaondoka na taulo lake, wenzake nyuma yake. Hakuna aliyetuzimia muziki. Birindwa aliingia akifuta jasho, akaona sahani imerudi, akasema basi sasa nifute jina.

"Apana," nikamjibu. "Mwenye jina yake atafuta mwenyewe."

Tangu siku hiyo sahani hailali ndani ya jalada. Nimeifunga kwa kitenge, nimeiweka kando yake, na kila Jumamosi inapigwa dirisha likiwa wazi. Penseli nimeichonga, nimeifunga kwa uzi kwenye jalada jekundu. Népo aje afute jina lake, kisha akae kwenye kiti chake tuendelee pale tulipoishia, maana aliyeikwaruza ni yeye.