Mkono wa Tatu wa Fundi Cherehani

Jumanne asubuhi, fundi cherehani alikuwa akimgeuza baba yake ubavu ili atandike shuka safi, alipohisi kitu kinamsukuma chini ya kwapa la kushoto. Alidhani gauni limembana. Kumbe ni mkono. Ulitoka mzima, na kiwiko chake na kucha zake, ukalidaka beseni lililokuwa linataka kumwagika.

"Afadhali," alisema, akaendelea kutandika.

Baba yake, dereva wa treni mstaafu, alikuwa na kansa ya ini. Hospitali ilimrudisha nyumbani na chupa ya dawa ya maumivu na neno moja: "Mtunzeni." Watoto walikuwa wanne. Aliyemtunza ni kitinda mimba peke yake, kwa sababu cherehani yake ilikuwa sebuleni, na ati kazi ya sebuleni si kazi.

Mchana alifumua gauni ubavuni, akalishonea mkono wa tatu. Kisha akampigia simu kaka mkubwa.

"Kaka, njoo hata Jumamosi moja tu. Nimechoka hadi meno yanauma."

"Nimesikia umeota mkono."

"Nimeota."

"Si unaona! Mungu hamtupi mja wake." Alifurahi kwa dhati, kama mtu aliyeondolewa kwenye zamu.

Alhamisi alikuja muuguzi wa zahanati, mama muungwana. Alimpima mgonjwa, akaufundisha ule mkono mpya kuvuta dawa kwa bomba la sindano bila kuingiza hewa. Halafu akafungua faili, akakunja uso.

"Nilikuombea msaidizi wa mchana, mara mbili kwa wiki. Ila fomu inauliza mgonjwa anahudumiwa na mikono mingapi. Ikizidi miwili, hupewi."

"Lakini yote ni yangu!"

"Najua, mwanangu. Fomu haiulizi ni ya nani."

Akaandika mitatu, kwa sababu hakuwa mtu wa kusema uongo.

Wiki tatu zikapita hivyo. Mkono mmoja ulikoroga supu, wa pili ulifua, wa tatu ulimshika mzee asianguke. Alasiri moja mzee aliukamata huo wa tatu, akaupapasa.

"Huu una joto kuliko mingine."

"Haujachoka bado, Baba."

Mzee akamtazama. "Na wewe, nani anakugeuza?"

Fundi alimsogezea kikombe. "Kunywa maji, Baba," alisema.

Mzee alifariki Jumapili mchana, mikono yote mitatu ya binti yake ikiwa juu yake. Kufikia saa kumi watoto wote wanne walikuwa sebuleni. Kaka mkubwa alisimama, akawashukuru waliofika, akasema familia ilimuuguza mzee kwa kushirikiana, bega kwa bega. Watu waliitikia kwa vichwa. Fundi alipita katikati yao akikusanya vikombe.

Baada ya mazishi, dada yake wa pili alimvuta kando, akampangusia kamasi kwa leso yake mwenyewe. Mama mkwe wake alikuwa na uvimbe kwenye titi, alieleza, na hospitali imesema wamtunze nyumbani.

"Tumekaa tukaona, wewe sasa umeshazoea. Halafu una mkono wa ziada."

"Dada, mgongo ninao mmoja."

Dada akamwonea huruma sana, akasema mgonjwa ataletwa Ijumaa.