Kizingiti cha Bibi Pyo

Ghorofa za mji wa Incheon ziliposimama nusunusu na winchi zikaacha kuzunguka, Sangcheol alikosa kazi pamoja na sisi wengine. Alikuwa fundi wa mbao za kumwagia zege, mtu wa majengo marefu tu. Kila alfajiri tulikwenda kijiwe cha vibarua, tukanywa supu ya moto, tukarudi nyumbani mikono mitupu.

Baridi ilipopungua, serikali ya mji ikatangaza mpango: mafundi wasio na kazi watalipwa kukarabati nyumba za wazee. Nilijiandikisha siku ileile. Sangcheol akanicheka.

"Deokgu, kumbe siku hizi wewe ni fundi wa vyoo?"

"Kaka, choo kina mshahara. Kijiwe kina nini?"

Alinuna. Kesho yake mkewe akamleta ofisini, kamshika mkono kama anayempeleka mtoto kunyolewa.

Tulipangiwa kwa Bibi Pyo, mjane aliyeishi peke yake mlimani. Miguu ilikuwa imemkatalia, na kizingiti cha choo chake kilikuwa kirefu, hivyo kila alipotaka kuingia ilimbidi amwite jirani. Alitutazama toka kofia hadi viatu.

"Hawa ndio mafundi? Mbona wamezeeka kuliko mlango wangu!"

"Ndiyo maana tumeletwa, Bibi," Sangcheol akajibu. "Tutaelewana na huo mlango."

Bibi alicheka mpaka akakohoa.

Tulivunja kizingiti, tukasawazisha sakafu, tukafunga vyuma vya kushikia ukutani. Mimi nikaanza kukusanya vifaa. Sangcheol akamwomba Bibi anyooshe mkono, akatazama unapofika, kisha akavifungua vyuma vyote na kuvishusha.

Saruji ilipokauka, Bibi alishika chuma, akaingia mwenyewe, akafunga mlango. Tukabaki nje, tumeinamisha vichwa kama tuko ukweni.

"Mnasikiliza nini hapo?" akafoka kutoka ndani. "Viazi viko jikoni, kaleni!"

Tulikula viazi vitamu vya kuchoma, bado vinatoa moshi. Sangcheol alikuwa akitabasamu peke yake.

"Nimejenga ghorofa ngapi, Deokgu? Sijawahi kumwona mtu akiingia ndani."

Kiangazi msimamizi mmoja wa ujenzi alimpigia Sangcheol simu: kazi za ghorofa zimeanza tena, aje kesho.

"Kesho siwezi," akasema. "Kuna mzee namtengenezea ngazi. Nikimaliza tutaongea."

Akakata simu, akaniambia nimshikie ubao.