Mbegu za Mvule wa Rubafu

Mwaka 2017 Najibu, fundi mitumbwi wa kisiwa cha Bumbire katika Ziwa Victoria, aliingia kwa siri katika msitu wa kijiji kule Rubafu na kuangusha mvule. Alitaka mbao tu. Hakujua kuwa huo ndio mvule jike, yaani unaozaa matunda, pekee uliobaki msituni humo.

Klaudia, aliyeongoza doria ya wanakijiji, alifika mti ukiwa tayari chini, matunda yake yametapakaa. Najibu alisubiri kufungwa kamba. Yule mama akamwambia aweke msumeno chini.

"Okota matunda, fundi. Yote. Mbegu hizi hazikai, baada ya wiki chache zinakufa."

Waliokota pamoja mpaka jioni. Kamati ya msitu ilipokaa, wengi walitaka Najibu apelekwe polisi. Klaudia akawaomba wampe kazi ya kukuza miche, yeye angemsimamia. Wakakubali kwa shingo upande.

Kwa miaka mitatu Najibu alivuka ziwa kila mwezi. Alijifunza kuloweka matunda na kuchuja mbegu. Miche ya kwanza aliipanda mahali alipopafyeka pakawa peupe. Wadudu wakaivimbisha majani, ikafa yote. Klaudia akamwonyesha kupanda miche iliyokuwa bado kitaluni chini ya kivuli cha miti ya misambya na vichaka, akimtajia kila mmea kwa Kihaya mpaka naye akaweza kuutaja. Safari hii miche kumi na mmoja ikashika.

Mwaka huu mtaalamu wa mimea, Mutembei, alikuja kuhesabu aina za miti msituni. Najibu aliombwa kushika kamba ya kupimia. Walipofika kwenye mivule, sasa mirefu kupita paa la nyumba, Mutembei aliuliza nani aliipanda. Klaudia akaelekeza kidevu kwa Najibu, na habari ya mti ulioangushwa hakuitaja.

Wakati wa kupumzika Najibu alimfuata Klaudia, akamshukuru kwa Kihaya.

"Kasinge, mama. Ungenipeleka polisi, ningetoka nikiuchukia msitu huu. Leo kila ninapokanyaga najua jina la mmea ulio hapo."

Klaudia alifungua chakula alichobeba. "Kila mwezi nilijua hutarudi," alisema. "Ukarudi. Nami nashukuru."

Akampakulia ndizi na maharage, wakala, kisha wakamfuata Mutembei. Bado kulikuwa na vipande saba vya msitu vya kupima.